Mtamba wa Mwishehe Anahama Leo

Jua halijachomoza kijijini Janga, Kibaha Vijijini, na Mwishehe Pazi yuko bondeni, suruali imelowa umande hadi magotini, anakata mabingobingo. Kipupwe cha mwaka huu kimekuja na ubaridi wake wote. Amevaa sweta mbili, moja ya mkewe, na bado meno yanagongana.

"Haya ndiyo majani ya mwisho kumkatia," anasema bila kuinuka. "Saa nne wanakuja kumchukua."

Anayechukuliwa ni Tunu, mtamba wa mwaka mmoja na nusu, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado, mnyama pekee aliyebaki nyumbani kwake ukiacha kuku. Hakuuzwa wala hakuibwa. Anakwenda kwa jirani, Biubwa Maneno, kwa sababu ndivyo walivyokubaliana.

Kikundi chao hukopeshana ng'ombe kwa ng'ombe. Ukipewa mtamba, ukamlea akazaa jike, jike hilo la kwanza unampa mwenzako anayefuata, na mama anabaki wako moja kwa moja. Mpango mzuri, hauna ubaya, ilimradi mama awe hai.

Mama yake Tunu, aliyeitwa Shani, alikufa mwezi uliopita.

Mwishehe, mwenye miaka 56, alizaliwa Kisarawe kwa Wazaramo, wakulima wa mihogo na korosho. Alipopewa Shani, ndugu zake walifunga safari kuja kumcheka. Mzaramo na ng'ombe wapi na wapi? Na wahenga walishasema, ng'ombe wa maskini hazai. Wa Mwishehe akazaa, tena jike, akawa anatoa lita saba kwa siku. Maziwa yalikwenda Mlandizi kila asubuhi, nayo ndiyo yaliyompa binti yake Mwanahalima nauli na sare za sekondari. Waliocheka wakaanza kuja na chupa.

Kisha masika ikakatika mapema, majani yakakauka, na kipupwe kikamkuta Shani ana mimba nyingine, kubwa. Familia ilimpa ilichokuwa nacho. Raudha, mke wa Mwishehe, alikuwa akimfunika magunia na kumkokea moto kando ya banda. Asubuhi moja Shani akalala, asiinuke tena.

Wanaume wa jirani walipitisha magunia chini ya tumbo lake wakamnyanyua. Alisimama kidogo, akaanguka. Bwana mifugo alimtundikia dripu, akasema njaa na mimba vimemmaliza nguvu, akaonya wasichelewe kuamua.

Abdala, mchinjaji wa kijiji, akaja na kisu. Mwishehe akamwambia ngoja. Jioni akarudi, akaambiwa ngoja.

"Nilimsihi, baba Mwanahalima, mchinje angali anapumua, tupate hata nyama ya kuuza," anasema Raudha, akiota moto. "Akaniuliza, nichinjeje wawili kwa kisu kimoja?"

Shani alikata roho alfajiri bila kuchinjwa. Akawa kibudu, na kwa Mwislamu kibudu hakiliwi wala hakiuzwi. Ng'ombe mzima, na ndama tumboni mwake, wakafukiwa mpakani mwa shamba. Siku hiyo familia ilikula ugali na mchicha, na hakuna aliyeinua macho kuangalia upande ule.

Mwishehe hajitetei. "Watu wananipa pole ya baridi," anasema. "Baridi haikunifilisi mimi. Nimejifilisi mwenyewe, kwa huruma yangu."

Tangu hapo Tunu amekuwa akilala jikoni, maana hawakuthubutu kumwacha nje tena. Mwanahalima husoma akiwa amemwegemea, wote wawili wakipata joto. Nauli imekatika, binti anakwenda shule kwa miguu, na Raudha anasema siku zinakuja ambapo hatakwenda kabisa.

Saa nne Biubwa anafika na kamba mpya mkononi. Ni mjane anayelea wajukuu, na banda lake alilijenga tangu mwaka jana.

"Namwonea huruma kaka Mwishehe, Mungu ni shahidi," anasema. "Lakini nimengoja zamu yangu miaka mitatu. Nikimwachia leo, mimi nitaachiwa na nani?"

Mwanahalima ameingia chumbani na kufunga mlango.

Tunu anagoma kutoka. Biubwa anavuta kamba, Raudha anasukuma, wapi. Mwishehe anajitwika mzigo wake wa majani, anatangulia njiani, na mtamba anamfuata yeye mpaka kwa Biubwa.

Kikundi kimemwandika upya, mkiani, nyuma ya kaya tisa. Anasema hatakaa bure: atapanda mabingobingo bondeni kote, ili zamu ikifika, njaa isimkute tena. "Nikijaliwa uhai," anaongeza, kisha anatazama mikono yake.

Anapoaga, Biubwa anamwita kutoka bandani.

"Kaka Mwishehe, huyu akiumwa, nije kukuita?"

"Niite, dada. Ila Abdala akija na kisu, mimi nikasema ngoja, usinisikilize."