Mchora Mistari wa Kiwanja cha Raga

Habari ya kifo niliipata kwa utingo wa lori la mahindi, hapa Handeni, asubuhi mswaki ukiwa bado mdomoni. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akatoa ujumbe kama alivyokaririshwa: mtani wako wa Korogwe ametangulia, na wenyewe wamesema hawamfukii mpaka ufike. Nikacheka. Msomaji asiyejua mambo yetu asinione mtu wa ajabu. Sisi Wazigua na wao Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya miguu ya kwenda pwani. Mmoja akifa, mwenzake huenda kumzodoa maiti, kuzuia jeneza na kudai hiki na kile, mpaka wafiwa wajisahau wacheke. Ni wajibu, na asiyeutimiza huonekana mtu wa hovyo. Basi nilisukutua, nikavaa kanzu yangu ya safari, nikapanda lori lile lile juu ya magunia, na njia nzima nilikuwa nikifikiri nitakachokwenda kusema. Safari hii nilikuwa na jambo zito la kusema, tena alinituma marehemu mwenyewe.

Sitamtaja jina. Waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Korogwe watamjua kwa kazi yake. Alikuja kutoka Unyamwezi akiwa manamba, kibarua wa mkataba, akakata mkonge miaka kadhaa, kisha meneja akampa kazi ya kutunza kiwanja cha klabu ya mabwana, kiwanja cha raga, mpira ule wa umbo la yai ambao Waingereza hukamatana mwilini kwa ajili yake. Kazi ile aliipenda kuliko chakula. Alitandaza kamba ya mkonge kutoka kona hadi kona, akachukua kopo la bati alilolitoboa chini kwa msumari, akajaza chokaa, akatembea kinyumenyume peku, akipigapiga kopo kwa kijiti. Mstari wake ulinyooka hata ungedhani umekatwa kwa kisu. Siku moja meneja, ambaye alfajiri ile alikuwa amewafokea watu wote wakati wa kuitwa namba, aliukanyaga mstari uliochorwa punde. Mtani wangu hakupaza sauti. Alimwambia tu, "Bwana, mguu," naye bwana akauinua mguu, akaomba radhi. Mimi nilikuwapo, wakati huo nikiwa karani wa korona, ile mashine ya kukamua mkonge. Kambini habari hiyo ilisimuliwa wiki nzima, na tangu siku ile mtu akitaka ukweli wa jambo lolote la kiwanjani alimwendea yeye.

Na maneno ya kiwanjani yalikuwa mengi. Kuna vijana wa siku hizi wanaoniuliza mchezo wa mabwana ulituhusu nini, sisi tuliosimama nje ya kamba juani huku wenyewe wamekaa kivulini na vinywaji vyao. Swali ni la haki, na zamani nilikuwa nakasirika nikiulizwa. Jibu langu ni hili: mchezo ulikuwa wao, lakini ubishi ulikuwa wetu. Jumapili, korona imezimwa na brashi zimesafishwa, tulikaa mbele ya kibanda cha kinyozi wa kambi tukawachambua wachezaji wote waliowahi kuvaa jezi ya Tanganyika. Majina yao hatukuyajua, nasi tuliwapa ya kwetu. Kulikuwa na Gogo, bwana mifugo mmoja mwenye shingo nene, ambaye watu wanne wangemning'inia naye bado anatembea. Kulikuwa na Kipanga, msaidizi wa meneja wa shamba la jirani, mwepesi kama nini, ila hakupenda kuguswa. Watu walinuniana kwa ajili ya Gogo na Kipanga. Wao wenyewe wamekufa au wamerudi kwao bila kujua kwamba sisi tuliwapima, tukawapa na kuwanyang'anya ubora, mtu aliyekuwa akituita kwa namba siku sita tukamkalia hukumu siku ya saba. Ilikuwa raha, jamani, nisiwadanganye.

Mechi iliyobishaniwa kuliko zote ni ile waliyokuja wageni kutoka Kenya, miaka michache baada ya vita kuu ya pili. Tanganyika ilikuwa nyuma na saa imekwisha. Gogo akachomoka kwenye lundo la watu, akamtupia mpira Kipanga, na Kipanga akapita pembeni kabisa, upande wetu tuliosimama, akaenda kuulaza mpira kwenye kona, na kuulaza ndiko kufunga kwao. Refa, aliyekuwa mbali na anahema, alipuliza filimbi akakubali. Tanganyika ikashinda, kofia zikarushwa. Katikati ya shangwe ile fundi mmoja wa troli, vile vigari vya reli vya kubebea mkonge, mtu wa Dindira aliyesimama pale pale kwenye kona, akasema Kipanga alikuwa ametoka nje kabla ya kuulaza. Alisema kiatu cha Kipanga kilitua karibu na vidole vyake yeye. Watu wakamzomea. Yeye akashikilia. Ikaamuliwa aulizwe mchora mistari, na mchora mistari akasema mbele yetu sote kwamba ameutazama mstari wake kwenye kona ile, ni safi, hakuna aliyeukanyaga. Yakaisha.

Kwetu sisi yaliisha. Kwa fundi wa troli ndiyo kwanza yalianza. Sisi watu wa kambini, mkitupa la kuchekea, hatuliachi. Akipita, mtu anafumba jicho moja. Akitoa habari ya reli imepinda mahali fulani, anaulizwa ameiona kwa jicho lipi. Mnyapara alifika mahali pa kumtuma mtu mwingine akahakikishe kwanza. Mimi pia nilimcheka, na hilo naliandika hapa kwa aibu. Mwaka haukwisha akaomba kuhama, akaenda shamba jingine huku Handeni, na hakuonekana tena mbele ya kibanda cha kinyozi.

Miezi mitatu iliyopita nilikwenda kumwona mtani wangu alipokuwa anaumwa. Nilimtania kama kawaida kwamba Mnyamwezi hafi, huchoka tu kubeba mizigo. Hakunijibu kwa utani. Aliniambia nisogeze kigoda, akasema, "Kona ile haikuwa na mstari." Kisha akaeleza. Wiki ile ya wageni meneja aliagiza mawe yote ya njia ya klabu yapakwe chokaa, na alipofika kuchora kona ya mwisho kopo likawa tupu. Dukani siku ile hakuna. Akakimbia nyumbani, akachota unga wa muhogo wa mkewe, mweupe, laini, akaumalizia mstari, na kwa macho hakuna ambaye angejua. Waliojua ni mbuzi wa mnyapara. Mchezo uliposimama mapumzikoni, sisi watazamaji tumekwenda kutafuta kivuli, yeye akiwa upande wa pili anawagawia mabwana maji, aliwaona mbuzi watatu wameinama kwenye kona, wanalamba taratibu hatua kumi na kitu za mstari uliokuwa ukiamua kati ya nchi mbili. Kukimbia kuwafukuza mbele ya wageni aliogopa. Akakaa kipindi kizima anamwomba Mungu mpira usiende kule, na Mungu siku ile alikuwa na shughuli nyingine.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye alikuwa akilia. Alisema siku ya kwanza alidanganya kwa kuogopa kufukuzwa kazi. Baadaye aliendelea kwa kuogopa sisi, maana tulimfanya mtu ambaye hakosei. Aliniomba siku ya kuzikwa kwake niyaseme hadharani, na fundi wa troli aitwe asikie. "Mimi nikiwa hai siwezi," alisema. "Wewe ni mtani, nani atakushika?" Nilimwambia ni heri amwite mwenyewe wayamalize wakiwa wawili. Akageukia ukutani. Mimi nami sikumwita yule mtu mapema, nikijiambia bado siku zipo.

Basi nilifika Korogwe mchana, nikakuta watu wamejaa na jeneza limetolewa. Nilianza kazi yangu. Niliomba kamba ya mkonge, nikaitandaza juu ya kaburi, nikatangaza kwamba limepinda na marehemu hawezi kulala kwenye kitu kilichopinda, wachimbaji warudie. Watu wakacheka. Nikadai alipwe fidia Mzigua yeyote aliyewahi kukanyaga mstari wake. Wakacheka zaidi. Mwalimu wa kanisa alijifunika uso kwa kitabu ili asionekane akicheka. Wakati huo nikamwona fundi wa troli, ambaye kabla ya kuondoka Handeni nilikuwa nimempelekea habari kwa dereva wa lori jingine. Alikuja kwa heshima ya mazishi, lakini alisimama mbali, kwenye ukuta wa nyumba ya jirani, mikono nyuma. Nikaacha kamba. Nikasema mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu alikuwa na maradhi yake. Nikayasema yote, chokaa, unga, mbuzi, na uongo.

Msomaji, sijawahi kuchekwa vile. Wazee walishikana mabega. Mmoja aliketi chini kabisa. Wakasema Mzigua mwaka huu ametia fora, mbuzi kulamba kiwanja cha raga, haijapata kusikika. Hapo ndipo nilipoona kosa letu sisi wawili, marehemu na mimi. Neno la mtani msibani huruhusiwa kwa sababu hakuna anayeliamini. Nilipaza sauti, nikaapa, na kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka. Kule ukutani fundi wa troli alikuwa ameinamisha kichwa. Alidhani nimemwita kutoka Handeni ili nimcheke tena mbele ya watu wale wale. Akageuka aondoke.

Aliyenusuru jambo ni mjane. Ni mama mwenyeji wa Mpale, mtu wa maneno machache, naye siku ile alikuwa amekaa na wenzake kando ya kaburi, kichwa amekifunga kaniki. Alinyanyuka bila kushikwa.

"Unga ulikuwa wangu," alisema. "Niliutwanga mwenyewe siku mbili. Siku ile watoto wangu walikula ndizi za kuchemsha, na huyu alinikataza nisimwambie mtu. Kaka yangu wa Dindira, usiondoke. Ulisema kweli."

Kicheko kilikatika. Fundi wa troli alirudi polepole, watu wakampisha, akafika kando ya kaburi, akamtazama yule mama, akamwambia, "Asante, dada." Alimwomba kijana wa makaburi beleshi, akasubiri jeneza lishushwe, akafukia bila kupokezana na mtu mpaka jasho likamlowesha mgongo. Mzee mmoja wa upande wa Kipanga alivumilia alivyoweza, kisha akauliza kwa upole: kama mstari haukuwapo, mtu anatokaje nje? Mwingine akamjibu kwamba mstari upo hata ukilambwa. Kabla udongo haujasawazishwa ubishi ulikuwa umewaka kama zamani, na fundi wa troli katikati yake, anaonyesha kwa mpini wa beleshi mahali kiatu kilipotua. Mjane alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Nilifurahi siku ile, nasema wazi, nilifurahi mazishini.

Jioni tulirudi Handeni na yule fundi kwenye lori moja. Njiani aliniambia kitu kimoja tu. Alisema miaka yote ile, kila alipokuwa peke yake kwenye reli, alikuwa akifumba jicho hili, halafu lile, kujipima kama kweli anaona. Rafiki yangu alikuwa mwema, nami nitamkumbuka kwa kicheko maisha yangu yote, lakini unga wa kibaba kimoja ulimfanya mtu asiyaamini macho yake, na hilo liliwezekana kwa sababu aliyesema uongo alikuwa yule tuliyemwamini wote. Ukiwa umeaminiwa na watu, na una mtu uliyemharibia jina, usimwachie mtani wala mjane. Nenda kwake wewe mwenyewe, tena leo.