Mkanda wa Profesa Oltmann

Weh! Walezi wa wagonjwa pale Stratford, Landani, wakisikia tu jina la Profesa Oltmann, kila mmoja alikumbuka kwamba mgongo unamuuma na zamu hiyo hataiweza. Mzee alikuwa Mjerumani wa miaka themanini na ushei, mifupa mitupu, lakini ngumi zake, acha tu! Alimvunja Victor, mmoja wa walezi hao, pua. Alimng'oa Ann nywele mpaka damu ikatoka. Aliyebaki kumhudumia bila kunung'unika ni Makena, mama wa Kimeru aliyekuja Landani kumkimbia mume.

Na msidhani alikuwa mzee wa hivi hivi. Alikuwa bingwa wa namba. Kuna kanuni inayoitwa kwa jina lake, na maprofesa wazima walitoka ng'ambo kuja kumsemesha kwa sauti ya chini kama wako kanisani. Sasa akili ilikuwa ikija na kuondoka. Ilipokuja, alimweleza Makena habari za namba tasa, zile zinazokataa kugawanywa.

"Baba alikuwa akinichapa kwa mkanda, Frau Makena," alimwambia asubuhi moja akinywa uji. "Nikawa nahesabu. Mbili, tatu, tano, saba. Zilizokataa kugawanywa nilizifanya zangu. Nilijificha humo."

Makena alibaki na kijiko hewani. Kumbe! Sheria ya kazi ilikuwa kumwinua mgonjwa kwa mkanda mpana wa kiunoni, na bizimu la chuma lilipolia tu, mzee alirusha ngumi. Makena mwenyewe alikuwa akishtuka kila likilia, maana mumewe kule Nkubu alimchapa kwa upande wa bizimu. Basi akauficha mkanda kabatini, akawa anamwinua mzee kwa mikono, mgongo ukikatika na ukatike. Mzee hakumgusa hata siku moja.

Alimweleza msimamizi wao, Reena, Mhindi aliyezaliwa Parklands, Nairobi, kwamba mzee hupigana kwa sababu ya mkanda.

"Makena, sheria ni sheria," Reena alimjibu. "Alhamisi nakuja kuona mwenyewe. Akipiga mtu tena, anapelekwa nyumba ya kufungiwa."

Makena aliijua nyumba hiyo. Wazee wa huko hulazwa kwa sindano mchana kutwa, na mzee wake asingemaliza mwezi.

Alhamisi Victor ndiye aliyeharibu. Reena alikuwa bado koridoni anaongea na simu, Makena yuko jikoni, naye Victor, bwana mkubwa, akautoa mkanda kabatini ili bosi aukute tayari. Bizimu likalia. Makena akatoka mbio. Akamkuta mzee amejiinua nusu kwenye kiti, macho yamemtoka, anahesabu kwa Kijerumani, mkongojo uko juu ya kichwa cha Victor. Akajitupa katikati. Mkongojo ukampata mdomoni, jino likaruka.

Hapo hasira ikampanda Makena, msinidanganye eti hakuwa na hasira! Alitaka kuunyakua ule mkongojo ampasue nao mzee, ampasue na mumewe, awapasue wote waliowahi kumwinulia mkono. Aliushika kweli. Akauegemeza ukutani.

Mlango ukafunguka. "Mungu wangu! Nani amekupiga?" Reena akauliza.

"Nimeanguka," Makena akasema, damu ikimtiririka kidevuni. Ndivyo alivyokuwa akiwaambia madaktari wa Nkubu miaka ile yote, akimfichia siri mume asiyestahili. Neno lilitoka lenyewe.

Reena akamgeukia Victor. Victor akajigusa pua iliyopinda, akamtazama Makena.

"Ameanguka, madam."

Mzee alikuwa amekaa tena, mpole, hakumbuki chochote. Aliitazama ile damu kwa muda mrefu.

"Mama pia alikuwa akianguka," akasema. "Kila Baba aliporudi nyumbani."

Reena akainama, akauokota mkanda, akauviringa polepole, bizimu amelifumbata kiganjani lisilie, akautia mkobani mwake. Kisha akamtuma Victor alete barafu.