Sebene Iliyomkausha Bi Harusi Machozi

Saa tatu asubuhi, Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Mchi unapanda, mchi unashuka, na majani ya muhogo yanageuka sombe kinuni. Kwa mapigo hayo hayo Pélagie Nabintu anaimba wimbo wa harusi wa Kinyankore. Mchi ukikawia, naye anaivuta sauti. Mchi ukiharakisha, anaukemea.

"Polepole, we mchi! Utaniharibia wimbo sawa Adolphe!"

Adolphe ni mume wake. Amekaa kizingitini na gitaa mapajani, anajifanya hasikii. Kesho Jumamosi wana harusi Mbarara, na kwa miaka mitatu sasa Adolphe amejifunza kwamba mambo mengine ni bora mwanamume asiyasikie.

Pélagie, mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni mkulima wa mahindi na maharage kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi ni mwimbaji wa kopi, yaani nyimbo za watu wengine ambazo kila mtu anazijua kutoka redioni. Bendi yao inaitwa Fasi Yote, kwa maana ya kila mahali. Ina watu wanne, ngoma mbili na spika moja iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Wimbo yako mwenyewe nani atakulipa?" anauliza Pélagie. "Batu banataka ile banajua. Ukiwaletea mupya, banaenda kutafuta chakula."

Mjini Mbarara kopi ziko za kila aina. Kuna kijana mmoja anaimba rumba kama anayesoma tangazo la chanjo ya ng'ombe. Kuna kikundi cha Kaberebere, mji mdogo wa jirani, ambacho kikianza wimbo wa mapenzi, wapenzi huachana kabla ya kiitikio. Lakini ukiwauliza washereheshaji wa mji huo ni kopi ipi iliyowahi kuwa mbaya kuliko zote, hawataji hao. Wanataja Fasi Yote, mwaka 2012, kijiji kimoja jirani na Kaberebere.

Ilikuwa sherehe ya kuhingira, siku ambayo Wanyankore humtoa binti yao rasmi aende kwa mumewe. Kuna wimbo wa kumuaga. Ni wa taratibu. Binti hutoka mlangoni ameshikwa mkono na shangazi yake, uso umeinama, na hapo anatarajiwa kulia. Wageni wamesafiri, ng'ombe wametolewa, mpiga picha amepiga goti. Kilichobaki ni machozi.

Pélagie alikuwa amefundishwa maneno na jirani Mnyankore hadi hakuna silabi iliyopinda. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Ubeti wa pili ukaenda vizuri zaidi. Halafu, kama ilivyo kwa mpiga gitaa yeyote aliyezaliwa Kivu ya Kusini, Adolphe akaona wimbo unakaribia mwisho na haujachemka. Akafungulia sebene, ile sehemu ya gitaa la mbio ambayo kwa Wakongo ndiyo inayomwinua hata mgonjwa kitandani.

"Wimbo bila sebene ni sawa sombe bila mawese," Adolphe anajitetea mpaka leo. "Miye sikupanga. Bidole ilienda yenyewe."

Mabega ya bi harusi yakaanza kutikisika. Wazee wakaitikia kwa vichwa, wameridhika: mtoto analia vizuri. Kisha kiuno kikajiunga na mabega.

Bi harusi alikuwa anacheza.

Shangazi yake, mama wa makamo aitwaye Enid, aliacha mkono wa binti, akavuka uwanja na kung'oa waya wa spika kama anayeng'oa magugu.

"Banange! Nyinyi nafikiri hapa ni baa?" alifoka. "Mtoto yetu naenda, nyinyi nachezesha yeye!"

Habari ilifika Mbarara kabla ya bendi kufika Rwekubo, senta iliyo karibu na makazi yao. Washereheshaji wakawapa jina: Wakausha Machozi. Mwaka mzima ukapita bila kuhingira hata moja, na hizo ndizo zinazolisha wanamuziki. Kwa harusi moja kila mmoja wao hupata shilingi elfu thelathini, fedha ambayo ukiitafuta kwa jembe shambani kwa mtu utamaliza wiki nzima. Mpiga ngoma mmoja akaenda kuuza mkaa. Adolphe naye akaanza kuulizia Rwekubo nani ananunua gitaa.

"Akiuza gitaa, bendi imekufa," anasema Pélagie. "Njo nikasema, apana. Nitaenda kuona ule mama."

Alifunga unga wa muhogo kwenye kitenge, akaenda kwa Enid mwenyewe. Alimkuta jikoni anamenya matoke. Enid alimtazama, akautazama unga, akamtazama tena.

"Umekuja kuchezesha matoke?"

"Nimekuja kuomba msamaha, mama. Na kuuliza. Juu ya nini mutoto alie siku ya furaha?"

Enid akamsogezea kigoda na kisu. Kwa heshima za Wanyankore huo haukuwa msamaha bado, lakini kwa heshima za jikoni ulikuwa karibu.

"Nyabo, sikia," alimwambia. "Yeye analia juu ya mama yake. Mtoto akitoka na macho kavu, watu nasema huko nyumbani alipigwa, alinyimwa chakula. Hiyo machozi ni asante."

Pélagie alimenya ndizi mbili. Kisha akamweleza Enid kitu ambacho hakuwahi kumwambia hata Adolphe. Kwao Kivu alitoka mbio, jioni moja ya vita, mama yake akiwa shambani. Hakuagwa. Hakuimbiwa.

"Siye tulilia mingi tukitoka kwetu, mama. Ku ndoa tunakataa kulia. Njo maana tunachezaka sana."

"Haya," alisema Enid. "Imba. Lakini kama ulikuwa unaaga mama yako."

Pélagie akaimba pale pale, bila gitaa wala spika. Enid anakiri kwamba matoke ya siku ile yaliungua.

Mwaka 2014 kaka yake Enid, Sajini Naboth, akawa anamtoa binti yake Resty kwenye nyumba za familia za kambi ya jeshi Mbarara. Katika kuhingira neno la shangazi ni zito, na Enid alisema anamtaka mama wa Rubondo. Sajini aliruka.

"Yule ya kukausha machozi? Hapana! Mimi nataka mtoto yangu alie!"

"Atalia," Enid alimjibu. "Na wewe utalia."

Sajini alikubali kwa sharti la kijeshi. Fasi Yote walipofika langoni, alimnyooshea kidole Adolphe.

"Hiyo gitaa, kamata! Weka kotagadi mpaka gari ya bibi harusi natoka geti."

Gitaa likatiwa ndani, kwenye chumba cha walinzi, na askari mwenye bunduki akasimamishwa mlangoni. Adolphe akakaa nje ya chumba kama mtu aliyekuja kumtazama ndugu yake mahabusu.

Pélagie alisimama mbele ya mamia ya watu na sauti yake peke yake. Mlango wa nyumba ulipofunguliwa alianza chini, polepole, mapigo ya mchi wa Rubondo kifuani mwake. Resty alipiga hatua, akamwona mama yake, akaachia machozi. Mama yake akaachia. Wake wa askari wakafuata mstari kwa mstari. Sajini Naboth alivaa miwani myeusi, lakini miwani haina mfereji, na maji yalipita pembeni.

Gari likatoka getini. Kisha sajini akageuka, akapiga kelele kama yuko gwaride:

"Fungulia gitaa!"

Wanaosimulia wanasema sebene ile ilisikika barabarani. Askari walicheza, wapishi walicheza, Enid alikunja gauni lake la gomesi hadi magotini akacheza, na askari aliyekuwa akililinda gitaa aliwashinda wote.

Tangu siku hiyo Fasi Yote hawajakosa Jumamosi. Mpiga ngoma amerudi, mkaa ameuacha. Wateja wanaagiza kwa simu kama wanaagiza chakula: machozi kwanza, sebene gari likishatoka. Na sasa, wale wale waliowaita Wakausha Machozi wanaiga mpangilio huo neno kwa neno. Yule kijana wa tangazo la chanjo naye ameujaribu. Bi harusi alilia, ndiyo, ila kwa sababu nyingine.

Pélagie anacheka hadi anashika kinu. Mpango wake ni kuingia studio Mbarara kabla ya Krismasi kurekodi wimbo wake mwenyewe, wa kwanza, unaowaaga wote waliotoka kwao bila kuimbiwa. Amekwisha kuumaliza. Ndio anaouimba sasa, mchi umesimama.

Na wenzake wakiukopi?

"Bakopi tu, miye pia nilikopi," anasema, akimtazama mumewe kizingitini. "Lakini kwanza bakamate gitaa."