Aliyesimama Ndani ya Nguzo

Watu wa mjini huliita Mlango wa Hewa, kwa kuwa ni lango lisilo na ukuta kushoto wala kulia. Serikali ya kikoloni ililijenga kumpokea mfalme wake, na mfalme hakuja. Limebaki tao la mawe ya kuchonga juu ya nguzo mbili nene. Unene wenyewe wa kudanganya: mawe mazuri ni ganda tu, ndani zilimwagwa kokoto na chokaa kutoka juu.

Mama Chokaa, fundi mwashi aliyepewa kazi ya kuziba ufa wa nguzo ya kushoto, aliyajua hayo tangu utotoni. Babu yake mzaa mama alikuwa miongoni mwa waashi walioswagwa kulijenga. Aliteleza akatumbukia ndani ya nguzo hiyohiyo. Sherehe ilikuwa imekaribia, msimamizi akaamuru wenzake waendelee kumwaga. Mmoja wao alimsimulia mjane wake, bibi yake fundi, mara moja tu, kisha akafunga mdomo.

Fundi alikuwa akigonga jiwe kwa mpini wa nyundo, sikio ukutani. Palipojaa hutoa mlio mzito. Palipo wazi huitika. Usawa wa kifua, nguzo iliitika.

“Mama Chokaa, hodi hiyo utafunguliwa na nani?” muuza magazeti alimtania.

“Nyamaza, nasikiliza jibu,” alisema, wala hakucheka.

Alitoa jiwe moja. Hewa ya baridi ikamgusa usoni, ikinukia chokaa mbichi, kama iliyokorogwa asubuhi ile. Alimulika tochi. Ndani palikuwa na uwazi wa kumtosha mtu, na kwenye chokaa ya pembeni alama za vidole zilizoparura kuelekea juu. Chini, vumbi jeupe tu, hata mfupa hakuna.

“Uwazi huo ndio unaopasua nguzo,” alisema inginia wa manispaa. “Tuujaze, la sivyo tao litashuka.”

“Nipe mpaka kesho, inginia. Kuna mwenyewe lazima aulizwe.”

Mwenyewe ni mama yake, aliyezeeka akingoja mwili wa kuzika. Fundi alijua angeambiwa abomoe nguzo kutafuta mabaki, na alishakata shauri kubomoa, kazi ipotee ikipotea. Jioni, nyumbani, alimweleza kuhusu alama za vidole.

Mama yake aliinua uso. “Kwa hiyo alikuwa amesimama?”

“Ndiyo, mama.”

“Miaka yote hii, amesimama.” Alijifuta macho kwa kiganja. “Jaza, mwanangu. Mpe pa kuegemea. Ila mashine isimguse.”

Kesho yake Mama Chokaa alijaza kwa mkono, mwiko baada ya mwiko. Mama yake aliketi kwenye kiti chini ya tao, akinong’ona kuelekea kwenye jiwe: “Polepole, baba. Polepole.”

Uwazi ulipokwisha, fundi alirudisha jiwe. Mama yake akaomba kuinuliwa, uso umetulia. “Tumemzika. Twende nyumbani.”

Fundi alimshika mkono, lakini aligeuka kulitazama jiwe. Hakujua kama kweli amemzika babu, au amemalizia tu ile amri ya msimamizi ya kumwaga.