Marehemu Anangoja Makofi

Mwigizaji Idella Crouse hakuwa mtu wa kutulia. Akiwa jukwaani New York, roho iko California kwenye sinema. Na sanduku lake halikupata kufunguliwa lote popote alipolala.

Kwa miaka ishirini jukwaani aliuawa mapema, mchezo ukiwa ndio kwanza umeanza. Kisha alingoja chumbani saa mbili nzima, damu ya rangi ikimkaukia kifuani, kwa sababu desturi ya jukwaa ni moja: mwisho wa mchezo hata marehemu huinuka, akasimama na wenzake, akainama kupokea makofi.

Hatimaye akaenda California, na siku yake ya kwanza kwenye sinema alipigwa risasi asubuhi. Mwongozaji akasema safi, kamera ikahamishwa. Idella akangoja pembeni, mara akae, mara asimame, mara ajitengeneze nywele. Jioni fundi wa taa akamkuta palepale.

"Mama, wewe si umekufa tangu asubuhi? Unafanya nini hapa?"

"Nangoja kuinama."

Fundi akacheka mpaka akashika tumbo. "Umwinamie nani, kamera? Huku ukifa umekufa, mama. Kachukue koti lako uende nyumbani."

Idella akawaka. "Yaani nife tu, basi? Nisiinuke?"

Kesho yake akapanda treni kurudi jukwaani. New York hawakuwa na nafasi ila ya maiti, aliyelala sakafuni tangu pazia linafunguliwa, hana neno hata moja. Idella, sanduku bado mkononi, aliuliza kitu kimoja tu.

"Mwishoni nainuka?"