Mdomo Chini ya Muhuri

Mwanangu wa kwanza amebakiwa na picha moja tu duniani, nayo ni ndogo kuliko kiberiti. Ni ile ya kadi ya kazi, ya shamba la maua kule Naivasha. Zingine zote ziliungua siku nyumba yetu ya mtaa wa Rhonda iliposhika moto. Na hata hiyo moja, karani aliipiga muhuri wa zambarau hapo hapo mdomoni.

Mwanangu alikufa wakati binti yake hajaanza kukaa. Nikamlea mimi. Mimi sikupita darasa la tatu, lakini niliuza sukuma wiki mpaka huyo msichana akajua kuchora na kompyuta, na sioni haya kusema Rhonda nzima hakuna wa kumshinda. Mabango ya maduka, nembo za shule, stika za magari, huo ni mkono wake.

Mwaka jana tukaamua kuweka jiwe kwa kaburi la babake, huko Olenguruone shambani. Fundi wa mawe alisema mashine yake inachonga hata sura ya mtu, lakini haitaki picha. Inataka mchoro wa mistari.

Jumapili moja mchana, mvua ikipiga mabati, msichana akaingiza ile kadi kwa kompyuta, akaikuza. Mwanangu akageuka vijisanduku vya kijivu, hana pua, hana macho.

"Ameenda wapi?" nikauliza.

"Picha ukiikuza inavunjika, shosho. Lakini nikimchora kwa vekta ni pointi na mistari tu. Hata ukitaka ajae ukuta mzima, havunjiki."

Hilo neno nilipenda. Havunjiki.

Akaanza. Anaweka pointi hapa, pointi pale, anavuta mstari unapinda vile anataka. Sikio likaja. Nywele zikaja. Macho yalipokuja nikashika meza. Halafu akafika kwa muhuri, akasimama.

"Shosho, mdomo ulikuwa aje?"

"Ulikuwa mdomo. Wa kula ugali."

"Wacha mchezo. Wa juu ulikuwa mnene? Akicheka ulikuwa unainuka upande gani?"

Nikafunga macho niuone. Huyo mtoto nilimnyonyesha miaka miwili. Ule mdomo uliniuma mimi, si mtu mwingine. Nikatafuta. Nikapata shati lake la mistari, nikapata kikohozi chake, nikapata vile alikuwa anaburuta viatu akiingia mlangoni. Mdomo, hakuna.

Msichana alikuwa ananitazama. Tangu akiwa mdogo ananiuliza babake alikuwa na sura gani, na siku zote nimejigamba kwamba mimi sisahau mtu niliyemzaa.

"Ulikuwa kama wako," nikasema.

"Kweli?"

"Nani alimzaa, ni mimi ama ni wewe? Chora."

Akaleta kioo. Anajitazama, anachora, anajitazama tena. Alikuwa anatabasamu peke yake huku machozi yanamshuka, na miaka yote nimemlea sikuwahi kumwona akiwa na furaha ya namna hiyo. Ningemwambia saa ngapi?

Siku ya kuweka jiwe, majirani wa Olenguruone walijaa. Mmoja akapiga makofi: "Ni yeye huyu! Mathe, amebakisha kuongea tu!" Msichana wangu akasimama kando ya jiwe kupigwa picha, mdomo wake na ule wa jiwe umbali wa mkono mmoja. Lakini mwanamume mmoja aliyechunga ng'ombe na mwanangu utotoni alilikazia macho lile jiwe muda mrefu, kisha akanigeukia. Nikajifanya natafuta leso.

Sasa nikifunga macho kumkumbuka, kinachokuja ni ile mistari nyeupe kwa jiwe jeusi. Safi, haina kasoro, haivunjiki. Hata lile shati silioni tena. Nilitaka binti apate baba, akapata. Mimi ndiye niliyempoteza.

Juzi msichana akiwa kazini nilitoa ile kadi kwa Biblia ambamo tunaiweka. Nikalowesha kidole kwa mate, nikausugua muhuri polepole, nione kidogo tu. Wino haukutoka. Karatasi ndiyo ilianza kutoka, nikaacha.