Mifupa ya Kaskazini na Mpagazi Asiyerudi

Nilikuwa mwalimu mzuri, wala sioni haya kulisema. Vijana wangu wa darasa la sita, katika shule ile ya jirani na soko la Kariakoo, waliandika habari vizuri kuliko makarani wengi wa Posta, maana sikuwapa nafasi ya kupumua. Kila wiki tulibandika karatasi kubwa kwenye ukuta wa nje, upande wa barabara ya soko: bei ya mihogo, meli zilizotia nanga, mpira wa Jumamosi. Waliojua kusoma walisoma wenyewe. Wasiojua walisomewa na fundi cherehani aliyekaa ng'ambo ya barabara.

Mwaka ule magazeti ya Kiingereza yalijaa habari za Wazungu waliokuwa wakichimba korongo moja huko kaskazini, wakitoa mawe yaliyochongwa pamoja na mifupa ya watu wa kale mno. Nikaona hapa pana somo. Nikawaeleza vijana jinsi udongo unavyolala tabaka juu ya tabaka, kama mikeka dukani, na kwamba kilicho chini ndicho cha zamani. Walibisha, wakacheka, mmoja akauliza kama watu wale walikuwa na lugha. Nikawaambia waandike.

Kazi ya kubandikwa ilimwangukia kijana mwenye mwandiko safi kupita wote. Kasoro yake ilikuwa moja tu: aliweka utamu mwishoni, kama bibi yake alivyomzoesha kwa hadithi za jioni. Nilishamgombeza mpaka nikachoka. Mstari wake wa kwanza ulisema, "Mifupa ya mtu imeonekana huko kaskazini, imelala wazi, wala hapana ajuaye ni ya nani." Umri wa mifupa hiyo, maelfu kwa maelfu ya miaka, aliuweka chini kabisa. Siku hiyo nilikuwa nimeitwa ofisini, nao wakabandika bila kuningoja.

Kesho yake asubuhi mama mmoja alisimama mlangoni mwa darasa. Sote tulimjua, aliuza vitumbua penye lango la soko. Fundi alikuwa ameanza kumsomea ile habari, naye hakungoja amalize.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Hiyo mifupa, imeonekana pamoja na kitu? Nguo? Kikombe?"

Mume wake alichukuliwa na Wajerumani vita vyao na Waingereza vilipoanza, akabebeshwa mizigo kwenda kaskazini, asirudi. Nyumba zilizopoteza mtu namna hiyo zilikuwa nyingi mjini, ila wengine walishasoma hitima, wakaendelea na maisha. Yeye alikataa. Hata kadhi alipomwambia kuwa anaweza kufunguliwa ndoa aolewe tena, alikataa. Alitaka kwanza kujua kama mumewe alizikwa kama watu wanavyozikwa, au aliachwa porini.

Nikamweleza taratibu kwamba mwenye mifupa ile alikufa kabla ya mji huu kuwapo, kabla ya babu wa babu zetu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huyo watu wamepanda meli kuja kumtafuta," akasema. "Wangu mimi anatafutwa na nani?"

Nilishikwa na hasira, na haikuwa juu ya kijana peke yake. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa akisubiri fimbo. Nikampa chaki.

"Muulize mama," nikamwambia. "Na safari hii anza na lililo kubwa."

Darasa zima likauliza. Alichukuliwa mtaa gani? Alifuatana na nani? Alikuwa na alama? Alikuwa nayo, kovu la moto shavuni. Jioni karatasi mpya ikabandikwa: "Mama wa Kariakoo anamtafuta mumewe, mpagazi aliyepelekwa kaskazini wakati wa vita." Habari ya watu wa kale tukaiweka chini yake, na umri wao mstari wa kwanza. Sijapata kuona ukurasa uliopangwa vizuri kama ule.

Watu waliusoma, wakaupeleka kwa mdomo hadi Magogoni. Mwisho fundi akaniletea mzee mmoja mchukuzi wa bandarini, aliyechechemea. Naye alikuwa mpagazi katika vita vile.

"Mwenye kovu la shavu namkumbuka," akasema. "Homa ilimwua njiani."

Nikatuma mtu akamwite mama. Alikuja na unga mikononi, akasimama mbele ya mzee yule. Niliwaza atauliza ni wapi, au ni lini.

"Nani alimwosha?" akauliza.

"Mimi, na wenzangu wawili. Maji yalikuwa haba, mama. Tulimwosha kwa yale ya kunywa."

Aliitazama mikono ya mzee kwa muda mrefu. Kisha akaketi sakafuni, akajifunika uso kwa kanga, akalia mbele ya darasa zima kilio cha mfiwa.